Anayeshindwa Mtihani wa Udereva na Anayenunua Leseni

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu aliyemfunza mwanadamu mambo asiyokuwa akiyajua, na sala na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake wote. Amma baada ya hayo:

Zamani kijana wa mwambao akitaka riziki alipanda chombo, au aliingia shamba, au aliketi dukani kwa babake. Leo riziki za wengi zi juu ya magurudumu. Huyu ataka kuendesha matatu, huyu daladala, huyu gari la kupokea wageni, na huyu ameahidiwa kazi ya udereva katika nchi za Ghuba. Mlango wa riziki hiyo ni leseni, na mlango wa leseni ni mtihani. Basi mtu akishindwa mara ya kwanza husikitika. Akishindwa mara ya pili hukasirika. Mara ya tatu huona haya kupita barazani. Na mara ya nne humjia mtu akamnong'oneza sikioni kuwa iko njia fupi. Maneno ya karatasi hizi ni juu ya hiyo mara ya nne.

Yampasa kwanza aliyeshindwa aijue hali ya wenziwe. Uingereza, nchi ambayo kanuni nyingi za barabara zetu zimetokana nayo, mtihani huu ulifanywa lazima kuanzia mwezi wa Juni 1935. Siku hizi mtahiniwa huko huendesha kiasi cha dakika 40, na mtahini ameketi ubavuni pake akiandika. Makosa madogo husamehewa mpaka 15, na kosa moja kubwa latosha kumrudisha nyumbani, wala harejei illa zipite siku 10 za kazi. Na katika miaka hii ya karibuni wanaofaulu huko hawafiki nusu ya wanaojaribu. Watu wale wana barabara nzuri na walimu wenye vyeti, na bado wengi wao huambiwa warudi. Basi kijana wa Mvita au wa Tanga akiambiwa arudi, hakupatwa na jambo geni. Kenya, kwa miaka mingi, mtu alisimamishwa mbele ya ubao wenye mfano wa mji, akaambiwa akipitishe kigari kidogo katika njia zake, na huku aulizwa nani wa kutangulia na wapi pa kusimama. Kisha ndipo apelekwe barabarani. Wako waliokuwa hodari wa usukani wakashindwa pale ubaoni, kwa kuwa mkono wao wajua gari, lakini akili yao haijui kanuni.

Ama khabari ya kurudishwa mara kwa mara, haikuanza na magari. Imekuja katika hadithi ya Abu Huraira, waliyoitoa Bukhari na Muslim, kuwa mtu mmoja aliingia msikitini akasali, kisha akaja kumsalimu Mtume (S.A.W.). Mtume akamrudishia salamu, akamwamuru arudi akasali, kwani hakusali. Mtu yule akarudi akasali kama alivyosali kwanza, akaja akasalimu, akaambiwa maneno yale yale. Yakawa hivyo mara tatu. Ndipo akaapa kuwa hajui kusali vizuri zaidi ya vile, akaomba afundishwe. Na Mtume (S.A.W.) akamfundisha: asimame akabiri, asome kilicho chepesi kwake katika Qur'ani, arukuu mpaka atulie, ainuke mpaka alingane sawa, asujudu mpaka atulie, na afanye hivyo katika sala yake yote. Na katika hadithi hii wanavyuoni wa Kishafii wameshika kuwa kutulia ni nguzo katika sala.

Itazame hadithi hii vizuri, ewe ndugu, kwani ndani yake mna mafunzo ambayo aliyeshindwa mtihani wa udereva ayahitajia. Mtume (S.A.W.), naye ndiye mpole wa watu, hakumwambia yule mtu kuwa maadamu umekuja mara tatu basi yatosha. Sala haikupunguzwa kwa sababu ya uchovu wa mwenye kusali. Wala yule mtu hakunung'unika, hakusema kuwa amechukiwa, wala hakwenda kutafuta mtu mwingine wa kumwambia kuwa sala yake ni sawa. Na jambo kubwa kuliko yote ni hili: zile mara tatu alikuwa akirejea sala moja, na kurejea kwake hakukumfaa kitu mpaka alipoomba kufundishwa. Wangapi leo hushindwa kwa kurudi nyuma, wakalipa ada tena, wakaenda tena, na baina ya siku ile na siku hii hawakurudi nyuma hata mara moja katika uwanja mtupu? Hao hawakurejea mtihani. Walichorejea ni kushindwa kwao.

Na asidhani mtu kuwa uzito wa kufahamu ni kasoro isiyo na dawa. Imesimuliwa katika khabari za Imam Shafii kuwa mwanafunzi wake Rabii bin Suleiman al-Muradi alikuwa mzito wa kufahamu, hata Imam akamkariria masala moja mara 40, naye asifahamu, akaondoka katika darsa kwa haya. Imam akamwita faraghani, akaendelea kumkariria mpaka akafahamu. Na huyo Rabii, aliyefariki mwaka 270 wa Hijra, ndiye aliyekuja kuipokea na kuieneza Al-Umm, na watu wakafunga safari kutoka nchi za mbali kwenda kuisikia kwake. Walikuwako katika darsa ile wenye akili kali kuliko yeye. Ila madhehebu haya kuwafikia watu wa mwambao, sehemu kubwa yatokana na yule aliyekaririwa mara 40. Na hapa pana neno kwa walimu wa udereva pia. Wako wanaomchukua mtu fedha, wakamzungusha mara tano katika njia ile ile watakayopita watahini, wakamwambia amekwisha kuwa dereva. Akitolewa nje ya njia ile hajui kitu. Mwalimu huyu amekula fedha za watu, na aliyomfundisha hayakufika kuwa udereva.

Na katika nchi za mbali imetokea khabari iliyojulikana duniani kote. Mama mmoja mzee wa Korea ya Kusini, muuza mboga, jina lake Cha Sa-soon, alianza kufanya mtihani wa maandishi wa udereva mwezi wa Aprili 2005. Alama zilizotakiwa zilikuwa 60 katika 100. Akashindwa. Akarudi, akashindwa, akawa aenda karibu kila siku ya kazi. Elimu yake ya shule ilikuwa chache, na maneno ya mtihani alikuwa ayasoma kwa herufi zake wala maana yake haimwelei. Walimu wa chuo cha udereva wakakaa naye wakimfasiria. Mwezi wa Novemba 2009, katika mara ya 950, akapata zile 60. Kisha akaingia mitihani ya kuendesha, nayo ikamrudisha mara nne katika kila mmoja, mpaka mwaka 2010 akapewa leseni yake, naye ana miaka 69, na jumla ya mitihani yake ni 960. Watu wengi waliosikia khabari hii walicheka. Lakini mwenye akili na atazame: katika zile mara 949 mama yule alizoshindwa maandishi, hakukanyagwa mtoto wa mtu. Yeye alitoa fedha zake, na miaka yake, na haya yake, na watu wa barabarani wakasalimika. Naye si mtu wa dini yetu.

Huku kwetu hutafutwa sababu nyingine. Husemwa fulani ana kijicho, au jirani amemfunga, au mtahini amekataa kwa kuwa hapendi watu wa kabila lake. Ndipo huandikiwa kombe akanywa, na hirizi ikafungwa mkononi chini ya shati. Kijicho ni kweli, hadithi imethubutu. Walakini si kijicho kilichomsahaulisha mtu kutazama kioo kabla ya kukata kona. Dua ni silaha ya Muumini, na aombe usiku na mchana, lakini katika hadithi aliyoitoa Muslim, Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tuvipupie vinavyotufaa, na tutake msaada kwa Mwenyezi Mungu, na tusilegee. Pupa ya kazi imetajwa kwanza, na kutaka msaada kukafuata, na vyote viwili vimekatazwa kutenganishwa na uvivu. Aliyekunywa kombe na asijifunze klachi, gari litamzimikia mlimani vile vile, na mwenye gari la nyuma atamtukana.

Yako na maneno ya barazani. Mtu akipita huulizwa kwa sauti: hii ni ya ngapi? Wakacheka waliofaulu, wakacheka na wasiojaribu hata siku moja. Kufurahia msiba wa nduguyo kumekatazwa, na imekuja katika hadithi ya Tirmidhi kuwa yaogopewa Mwenyezi Mungu amponye yule na akutie wewe katika jambo lile. Tena wenye kucheka na wajue kuwa wana fungu katika dhambi itakayofuata, kwani wengi walionunua leseni hawakuinunua kwa kutaka gari. Waliinunua kwa kukimbia kicheko. Na liko jambo ambalo waume hawalisemi. Pengine mkewe mtu, au dadake, alikwenda siku moja naye akafaulu mara ya kwanza, na yeye akarudishwa. Basi hukaa nyumbani amenuna, au humkataza mkewe asishike usukani. Masahaba wakubwa walipotatizwa na jambo la dini walikwenda kumwuliza Bibi Aisha, nao ni mashujaa wa Badri. Itamdhuru nini mume kumwambia mkewe asubuhi ya Jumapili wende uwanjani, aketi yeye ubavuni, amwonyeshe namna ya kuliingiza gari baina ya mawe mawili?

Sasa yaje maneno ya ile njia fupi. Watu wameipa majina mengi mazuri: chai, kitu kidogo, asante, kumtoa mtu jasho. Katika Sheria jina lake ni rushwa, na Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kuitoa na mwenye kuipokea, wamepokea haya Abu Daud na Tirmidhi. Na katika Suratul Baqara Mwenyezi Mungu amekataza watu kuzipeleka mali zao kwa wenye hukumu ili wale haki za wengine na hali wajua. Serikali nazo zimekataza, Tanzania kwa sheria ya mwaka 2007 na Kenya kwa sheria ya mwaka 2016, na katika zote mbili mtoaji ana kosa kama mpokeaji. Ila mwenye kungoja askari ndipo aache haramu, huyo amekwisha khasirika.

Na leseni iliyonunuliwa ina dhambi ya pili iliyo nzito kuliko fedha zenyewe. Leseni ni nini? Ni ushahidi. Yasema kuwa mtu huyu ametazamwa, na imethubutu kuwa aweza kupita baina ya watu bila ya kuwadhuru. Abiria apandaye gari hamjui dereva. Mama amvushaye mtoto njia mbele ya chuo hamjui dereva. Wote wamejiaminisha kwa ushahidi ule. Basi aliyeununua amenunua ushahidi wa uwongo. Na wakati Mtume (S.A.W.) alipokuwa akiyataja madhambi makubwa alikuwa ameegemea, na alipofika katika ushahidi wa uwongo aliketi, akawa akikariri mpaka Masahaba wakatamani lau angenyamaza. Ni katika hadithi ya Abu Bakra, na Bukhari na Muslim wote wawili wameitoa.

Hapa husimama mtu akasema: Je, mtahini akiwa ndiye dhalimu? Mtu ameendesha vizuri, hakukosa kitu, naye akamwandikia kuwa ameshindwa ili apate kupewa. Si wanavyuoni wamesema yajuzu mtu kutoa mali ili afikie haki yake? Naam, wamesema, na Imam Nawawi ameitaja masala hii katika Raudha: mwenye kutoa ili ahukumiwe kwa batili ameharamishiwa, na mwenye kutoa ili afikie haki yake hakuharamishiwa, na dhambi humbakia mpokeaji. Walakini masala hii imekuwa mlango usio na bawabu, kila mtu huingia. Haki inayozungumzwa pale ni haki iliyothubutu: nyumba ambayo mtu ana hati zake, au deni lenye mashahidi. Ama ustadi wa kuendesha, nani ameuthubutisha? Wewe ndiye mdai, na wewe ndiye shahidi, na wewe ndiye kadhi, na hukumu umejikatia mwenyewe njiani ukirudi nyumbani na hasira zako. Mtihani umewekwa khasa kwa kuwa mtu hajioni. Hakuna dereva mbaya ajijuaye kuwa mbaya.

Basi anayedhani kuwa amedhulumiwa, na amchukue dereva mzee aliye mwaminifu, asiyekuwa jamaa yake wala mwalimu aliyelipwa, ampande gari, amwambie amkosoe bila ya kumwonea haya. Akimwambia una makosa, akajifunze. Akimwambia huna, na aende mara nyingine, na siku nyingine, na kwa mtahini mwingine ikiwezekana, na ashitaki kwa mkubwa wa mtahini kwa maandishi. Njia hizi ni ndefu na zachosha, hapana ubishi. Lakini si dharura. Mtu hafi kwa kupanda gari la mwenziwe mwezi mmoja zaidi, wala njaa ya nyumba haikuanza siku aliposhindwa mtihani. Mlango wa dharura hufunguliwa kwa aliyezibiwa milango yote, na wengi wa wanaoutaja hawakuujaribu hata wa pili.

Na uzito wa jambo hili hujulikana siku ya ajali. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, limekadiria kuwa watu kiasi cha milioni 1.19 hufa kila mwaka barabarani, na kuwa kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi kuliko hicho. Katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Nasai na Ibn Majah, Mtume (S.A.W.) amehukumu kuwa ajitiaye katika utabibu wala hakujulikana kuwa na ujuzi wa utabibu, huyo ni mwenye kudhamini, yaani yatakayoharibika yawa juu yake. Na udereva waingia humo kwa kiasi kilicho wazi: tabibu asiyejua huua mmoja mmoja, na dereva asiyejua huweza kuua watu 14 kwa mpinduko mmoja. Katika mwezi wa Juni 1993 wanavyuoni wa Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu walikutana Brunei, wakapitisha kuwa kufuata kanuni za barabara zisizopingana na Sheria ni wajibu wa kidini, na kuwa dereva ni mwenye kujibu madhara ayaletayo, ya mwili na ya mali, ila katika mambo machache waliyoyabainisha, kama lile lililomshinda nguvu asiweze kuliepuka. Asiyejua kufunga breki hawezi kusema kuwa alishindwa nguvu.

Kisha juu yake iko kafara, nayo imetajwa katika Suratun Nisaa. Aliyemwua Muislamu kwa makosa, pamoja na dia kwa warithi, ni juu yake kumwacha huru mtumwa, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Watumwa leo hawapo, alhamdulillahi, basi yabaki saumu. Na kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafii, hapana kulisha maskini badala yake. Akifungua siku ya 59 bila ya udhuru, aanze tena. Na wakifa wawili, kafara ni mbili. Watu hudhani bima imewamalizia kazi. Bima italipa taa iliyovunjika na mlango uliopondeka, wala haimfungii mtu saumu yake. Yako magari mengi katika njia zetu yaliyokwisha kutengenezwa yakapakwa rangi mpya, na wenyewe hawajafunga hata siku moja.

Limebaki swali la yule aliyekwisha kuinunua. Huenda amekwisha kuendesha miaka mitano, na watoto wake wamekula katika usukani huo, na jambo hili lamwuma anaposikia khutba. Ujira wake, wako wanavyuoni wa zama hizi waliosema, katika mfano wa aliyepata kazi kwa cheti cha udanganyifu, kuwa akiwa aijua kazi na aifanya kama itakiwavyo, mshahara ni halali na dhambi ya udanganyifu ibaki shingoni mwake mpaka atubu. Ila sharti lao ni kuijua kazi, na hilo ndilo lisilojulikana kwake. Toba yake basi haiwi kwa ulimi peke yake. Na aende chuo cha udereva kama mtu asiyejua kitu, mvi zake zikionekana, aketi pamoja na vijana wa miaka 18. Aseme hajui kanuni za mzunguko wala alama za reli, afundishwe. Kisha afanye mtihani kama wafanyavyo wengine. Akirudishwa, arudi. Na gari lake, siku zote hizo, aliendeshe mwingine.